Umbali Ulio Ndani ya Ukaribu: Riwaya ya Utengano na Chungu cha Wateso wa Kocholia

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, mahusiano ya karibu baina ya wahusika aghalabu hujadiliwa chini ya dhamira mbili tu, yaani mapenzi na ndoa. Mhakiki huonyesha nani anampenda nani, nani anamsaliti nani, kisha hutoa hukumu ya kimaadili. Tangu saikolojia ianze kutumiwa kama nyenzo ya uhakiki, hukumu hiyo imebadili sura bila kubadili kiini. Mhusika aliyekuwa akiitwa mpotovu sasa huitwa mtu aliyenyimwa upendo utotoni. Katika hali zote mbili linalosakwa ni jambo lililomo moyoni mwa mhusika, ilhali mpangilio unaowakutanisha wahusika na kuwatenga haupewi uzito unaostahili.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mpangilio huo katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980. Nyenzo kuu ya uchunguzi inatoka mbali na Zanzibar, katika nchi ya Wateso iliyoko upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, yaani Kocholia na sehemu zinazopakana nayo kati ya Malaba na Busia. Huko, mwanaanthropolojia Ivan Karp alifanya utafiti kuhusu ujirani, ukwe na unywaji wa pombe ya wimbi iitwayo ajon. Hoja ya makala ni kwamba umbali na utengano si kitu kimoja. Umbali wenye kanuni ni sehemu ya ukaribu wenyewe, na ndio unaouwezesha kudumu. Utengano hutokea pale kanuni hiyo inapokosekana, hata kama watu wanalala chini ya paa moja.

Tofauti hii ina maana kwa uhakiki na kwa ufundishaji pia. Utengano imewahi kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na wanafunzi wengi wamefunzwa kuisoma kama kisa cha mila inayomkandamiza mwanamke. Usomaji huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, usipotenganisha mila na ukuta wa Bwana Maksuudi, humfanya mwanafunzi aamini kwamba kila desturi inayoweka mipaka baina ya watu ni aina ya kifungo.

2.0 Saikolojia ya Mvuto na Mipaka Yake

Kabla ya kuiingia riwaya, ni vyema kuyapitia kwa ufupi yale ambayo saikolojia imeyasema kuhusu mvuto baina ya watu. Mwaka 1950, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT nchini Marekani. Waliona kwamba urafiki ulifuata milango na ngazi: watu walielekea kufanya urafiki na wale waliopakana nao au waliopishana nao mara kwa mara. Mwaka 1968, Robert Zajonc alionyesha kwamba kule kukiona kitu mara nyingi kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi. Kutokana na kazi za aina hii ikajengeka imani kwamba ukaribu huzaa mazoea, na mazoea huzaa mapenzi.

Imani hiyo haikudumu bila kupingwa. Mwaka 1976, Ebbesen na wenzake walichunguza makazi ya watu huko California, wakawauliza wakazi kuhusu marafiki zao na pia kuhusu watu wasiowapenda. Ilidhihirika kwamba marafiki waliishi karibu, lakini wasiopendwa waliishi karibu zaidi. Jirani ndiye anayeweza kupiga kelele usiku na kuacha takataka mlangoni. Mtu wa mbali hana nafasi ya kuudhi. Mtumiaji wa Kiswahili hahitaji kufika California kulijua hilo, kwani methali imekwisha kumwambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii haisemi kwamba nguo ni mbaya, wala haimshauri mtu atembee uchi. Inasema tu kwamba hatari hukaa palepale penye hifadhi.

Glenn Adams aliliendeleza suala hili mwaka 2005 kwa kulinganisha Ghana na Marekani. Waghana walielekea zaidi kuliko Wamarekani kusema kwamba wana maadui, na kuwafikiria maadui hao kuwa miongoni mwa watu wa karibu. Kwa Wamarekani, anayedai kuwa na maadui hutiliwa shaka kuwa ana kasoro ya akili. Kwa Waghana, anayedai kwamba hana adui huonekana mjinga wa mambo ya dunia. Adams hakuichukulia tofauti hiyo kuwa ugonjwa wa upande mmoja. Aliiona kama tokeo la njia mbili za kuishi: ile ambayo mtu huchagua mahusiano yake na anaweza kuyaacha, na ile ambayo mtu huzaliwa ndani ya mahusiano na hawezi kujitoa kwa urahisi.

Nadharia ya mfungamano nayo ina historia inayoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mary Ainsworth alianza kuzifuatilia tabia za watoto wachanga na mama zao nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, katika vijiji vya Waganda vilivyo karibu na Kampala. Aliwatembelea mama 26 na watoto wao 28 majumbani mwao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Jaribio mashuhuri la chumba, ambamo mama humwacha mtoto kwa dakika chache kisha hurejea, lilikuja baadaye huko Baltimore. Mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver waliihamishia nadharia hiyo kwenye mapenzi ya watu wazima. Kwa hiyo nadharia inayowafikia wanafunzi wa fasihi leo kama bidhaa ya Marekani ilipata sehemu ya malighafi yake Uganda. Kilichopungua njiani ni ua wa nyumba. Katika chumba cha majaribio hamna bibi, jirani wala mke mwenza. Wamo mama, mtoto na mgeni tu. Mhakiki anayelitumia jaribio hilo kumweleza Maimuna wa Utengano hulirithi pamoja na upungufu huo.

3.0 Chungu cha Ajon

Wateso wa Kenya ni sehemu ya jamii iliyogawanywa na mipaka ya kikoloni. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wa upande huu wakajikuta wametenganishwa kiutawala na wenzao walio ng'ambo. Karp alifanya utafiti wake miongoni mwao katika iliyokuwa Wilaya ya Busia, na alichapisha kitabu chake kuhusu mabadiliko katika jamii hiyo mwaka 1978. Makala yake kuhusu unywaji wa pombe ilitoka mwaka 1980, mwaka uleule ilipotoka Utengano. Kazi hizo mbili hazina uhusiano wowote wa kihistoria. Zinakutanishwa hapa kwa kuwa zote zinauliza jinsi watu wa karibu wanavyoweza kuvumiliana.

Ajon hutengenezwa kwa wimbi. Huwekwa katika chungu kimoja, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka wakivuta kwa mirija mirefu. Mtu akitazama kwa mbali ataona kielelezo kamili cha ukaribu: kinywaji kimoja, duara moja, mazungumzo yasiyo na haraka. Karp alionyesha kwamba duara hilo limejengwa kwa kanuni. Mahali pa kukaa hapachaguliwi kiholela. Vizazi vinavyofuatana, yaani wazazi na wana wao, havichanganyiki ovyo. Wakwe hupewa umbali wao, na mwanamume na mama mkwe wake hawashiriki chungu kimoja. Ipo adabu ya kuushika mrija na adabu ya kukaa. Asiyeifuata huonekana kuwa mtu wa kuogopwa, licha ya kukosa malezi.

Sababu ya kanuni hizo haiko mbali. Chungu cha pamoja ni mahali pa ukarimu, lakini pia ni mahali ambapo mtu anaweza kudhuriwa na mwenziwe, na hofu ya sumu imo katika fikra za wanywaji. Jirani ndiye anayemsaidia mtu kulima na kupalilia, na pombe ndiyo shukrani ya kazi hiyo. Na jirani huyohuyo ndiye mwenye nafasi ya kumwonea wivu. Karp, akiifuata sosholojia ya Georg Simmel inayotazama umbo la mahusiano, aliuona unywaji wa ajon kama picha ya ushirikiano ambao Wateso wanautamani na ambao mara nyingi hawaufikii. Kwa maneno mengine, duara la chungu halithibitishi kwamba watu wanaaminiana. Linawapa namna ya kuketi pamoja wakati bado hawana uhakika.

Hapa ndipo saikolojia ya mvuto na ethnografia ya Kocholia zinapoachana. Ya kwanza huuliza ni kitu gani kinachowavuta watu wakaribiane. Ya pili inatufunza kuuliza ni kitu gani kinachowawezesha waliokwisha kukaribiana wasiangamizane. Swali la pili ndilo linaloifaa riwaya ya Utengano.

4.0 Nyumba Isiyo na Kanuni

4.1 Ukuta wa Maksuudi

Bwana Maksuudi amewafungia mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna, ndani ya nyumba. Hawatoki wala hawatembelewi. Usomaji uliozoeleka huliona jambo hili kama kilele cha mila: utawa uliopitilizwa na baba mkali. Lakini tukilitazama kwa jicho lililozoea kanuni za chungu, hali hubadilika. Kanuni ya umbali humfunga kila aliyomo katika duara. Mkwe mwanamume humwepuka mama mkwe, na mama mkwe naye humwepuka mkwewe. Baba ana mahali pake na mwana ana mahali pake. Ukuta wa Maksuudi unawafunga wengine tu. Yeye mwenyewe hutoka na kuingia apendavyo, na nje ya nyumba hana mpaka anaouheshimu. Hiyo si mila iliyopitilizwa. Ni mila iliyobakiziwa adhabu na kuondolewa wajibu.

Matokeo yake ni kwamba watu wanaoonana kila siku hawajuani. Kama ukaribu wa makazi ungetosha kuzaa mapenzi, nyumba ya Maksuudi ingekuwa nyumba yenye mapenzi kuliko zote, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuonekana humo. Riwaya inaipinga dhana hiyo waziwazi. Bi Tamima anaishi kwa hofu ya mumewe. Maimuna ana baba asiyeweza kuzungumza naye. Neno ambalo mwandishi amelifanya kuwa jina la riwaya huanza kufanya kazi kabla mtu yeyote hajaondoka: watu wametengana wakiwa wamekaa pamoja, na talaka na safari zinazofuata zinalidhihirisha tu lile lililokwisha kuwapo.

4.2 Mama Mkwe Aliyedhulumiwa

Anayeongoza kisasi dhidi ya Maksuudi ni Bi Farashuu. Jambo ambalo wahakiki wamelitaja bila kulipima ni nafasi yake katika ukoo. Bi Farashuu ni mama yake Mwanasururu, mwanamke ambaye Maksuudi alimwoa, akamnyang'anya mali na kumwacha katika hali ya wazimu. Kwa hiyo Bi Farashuu si adui aliyetoka nje. Alikuwa mama mkwe wa Maksuudi.

Miongoni mwa Wateso, uhusiano wa mwanamume na mama mkwe ni miongoni mwa mahusiano yanayowekewa umbali mkubwa kuliko mengine yote. Hawanywi katika chungu kimoja kwa sababu uzito ulio baina yao ni mkubwa mno: mmoja amemkabidhi mwenziwe mwana, na mwingine amepokea asichoweza kukilipa kikamilifu. Umbali huo ni namna ya kulikiri deni. Maksuudi hakuwahi kulikiri deni lolote. Aliichukua mali ya mke pamoja na mke mwenyewe, kisha akadhani kwamba kuondoka kwake kumeumaliza uhusiano. Riwaya nzima inamwonyesha kwamba ukwe haumalizwi kwa kuondoka. Bi Farashuu anarejea katika maisha yake kupitia mlango alioudhani kuwa umefungwa, na ana mkono katika kumtoa Maimuna nyumbani. Mama aliyepotezewa binti anampotezea binti yule aliyempotezea.

Saikolojia ya kisasi ingeweza kuueleza uchungu wa mwanamke huyu, na ingekuwa sahihi. Isingeweza kueleza kwa nini kisasi hiki kimechukua umbo hili hasa, la binti kwa binti. Umbo hilo linaeleweka tukiukumbuka uhusiano uliovunjwa, yaani ukwe, ambao kiini chake ni binti aliyekabidhiwa.

4.3 Baba na Mwana katika Chumba Kimoja

Tukio la pili linalothibitisha hoja hii ni lile la Bi Kazija. Mwanamke huyu ana uhusiano na Maksuudi na pia na Mussa, mwanawe Maksuudi. Anapanga baba na mwana wakutane nyumbani kwake, na wanakutana. Tukio hili husomwa kwa kawaida kama kufichuliwa kwa unafiki wa Maksuudi, na ndivyo lilivyo. Lakini aibu yake ina chanzo cha ndani zaidi. Mpaka baina ya vizazi viwili vinavyofuatana, ule unaoamua mahali pa baba na mahali pa mwana kuketi, umeanguka kabisa. Baba na mwana wamejikuta, kwa mfano wa Kocholia, wakivuta mrija kutoka chungu kimoja bila kujuana.

Inafaa kuona kwamba hapa tatizo ni ukaribu uliozidi, ilhali kwa Bi Tamima na Maimuna tatizo linaonekana kuwa ukaribu uliopungua. Nadharia inayopima mahusiano kwa wingi au uchache wa upendo italazimika kuyaeleza mambo haya mawili kwa sababu mbili tofauti. Nadharia ya umbali wenye kanuni inayaeleza kwa sababu moja. Mtu aliyejenga ukuta mahali pasipohitaji ukuta ndiye huyohuyo aliyeuvunja mpaka mahali palipouhitaji.

4.4 Maimuna Nje ya Ukuta

Ukuta unapovunjika, Bi Tamima anapigwa na kupewa talaka, na Maimuna anaondoka. Safari yake inamfikisha katika danguro la Mama Jeni, ambako anakuwa kipenzi cha wanaume wengi na hatimaye anaharibikiwa. Maelezo ya mfungamano yako tayari: msichana aliyenyimwa mapenzi ya baba anayatafuta kwa wanaume wa barabarani. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, amekuwa akielezwa hivyohivyo kutokana na ukali wa baba yake, Zakaria. Ulinganisho huo si wa bure, lakini unaliacha jambo moja bila jibu. Kwa nini wasichana hawa, baada ya kuupata ukaribu waliounyimwa, hawatulii?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba danguro ni nyumba ya Maksuudi iliyogeuzwa nje ndani. Katika nyumba ya baba hakuna anayeruhusiwa kukaribia. Katika danguro hakuna anayeweza kuzuiwa kukaribia. Kote kuwili Maimuna hana mahali pake pa kuketi. Mvuto anaousababisha ni mkubwa, na kwa kipimo cha saikolojia ya mvuto amefanikiwa. Alichokosa ni duara ambamo mtu anaweza kumkaribia na bado akawajibika kwake. Ndoa yake na Kabi mwishoni mwa riwaya inapata maana katika muktadha huu. Wapo wanaoiona ndoa hiyo kama zawadi ambayo mwandishi amemtunukia mhusika aliyeteseka. Inaweza kusomwa pia kama mara ya kwanza Maimuna kupewa nafasi yenye jina na wajibu, naye akiwa mtu mzima anayejua anachokikubali.

5.0 Pingamizi

Usomaji huu unaweza kupingwa kwa njia mbili. Kwanza, inaweza kudaiwa kwamba desturi za Wateso hazina mamlaka juu ya riwaya ya Mzanzibari. Pingamizi hili lina nguvu iwapo desturi hizo zinatumiwa kama ushahidi wa kile alichokikusudia mwandishi. Hazitumiwi hivyo hapa. Zinatumiwa kama nyenzo, sawasawa na jinsi ngazi za makazi ya MIT na chumba cha Baltimore zinavyotumiwa kila siku katika tasnifu bila yeyote kuuliza mamlaka yake. Iwapo nyenzo kutoka Massachusetts inaruhusiwa kuvuka bahari, nyenzo kutoka Kocholia haiwezi kuzuiwa kufika Unguja. Kipimo cha haki ni kimoja: je, inaonyesha jambo lililomo katika matini ambalo halikuonekana?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kanuni za umbali zinaweza kuwa kifungo pia. Anayeamua nani aketi wapi ana mamlaka, na mamlaka hayo mara nyingi huwa ya wanaume na wazee. Ni kweli, na makala haya hayadai kwamba chungu cha ajon ni jamii isiyo na dhuluma. Karp mwenyewe aliuona ushirikiano huo kama tamanio lisilofikiwa mara kwa mara. Linalodaiwa ni kwamba kanuni inayomfunga kila mtu inaweza kulalamikiwa na kila mtu. Mkwe akiikiuka, wapo mashahidi waliomwona. Bi Tamima hakuwa na shahidi. Ukuta wa mumewe ulikuwa umemnyima uhuru na pia umewanyima wengine nafasi ya kuona anavyotendewa. Mhakiki anayeyaita mambo haya mawili kwa jina moja la mila humsaidia Maksuudi, kwa kuwa Maksuudi naye anapenda ukuta wake uitwe hivyo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Utengano inasomeka vyema zaidi tunapoacha kuuliza kiasi cha upendo walio nacho wahusika na kuanza kuuliza umbo la ukaribu wao. Saikolojia ya mvuto imefafanua vyema namna watu wanavyokaribiana, na uchunguzi wa baadaye, wa California na wa Ghana, umekiri kwamba ukaribu huzaa uadui pia. Ethnografia ya Wateso wa Kocholia inaongeza jambo la tatu, yaani kwamba jamii inaweza kulijua hilo mapema na kulijengea adabu. Maksuudi, Bi Farashuu, Mussa na Maimuna ni watu wa karibu wasiokuwa na adabu hiyo baina yao, na maafa yao yanatokana na ukosefu huo kuliko yanavyotokana na chuki.

Ipo kazi inayobaki kwa watafiti wa shahada za juu. Riwaya nyingi za Kiswahili zimesheheni matukio ya kula, kunywa, kutembeleana na kupishana mlangoni, na matukio hayo hupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni mapambo ya mandhari. Kila tukio la aina hiyo lina swali lake: nani ameketi na nani, nani hakuruhusiwa kuketi, na nani alikuwapo kushuhudia.